Lumbesa ya Maabara

Wengi mmenizoea kwenye ukurasa huu nikilalamikia bei ya nyanya, baridi ya Februari, na wale ndugu wanaokula pilau ya jumuiya halafu wakati wa kuosha masufuria hawaonekani. Leo naomba mnivumilie, nataka kuongea habari za maabara. Na nyie wa sheria na uchumi msiruke ukurasa, maana jambo lenyewe linawahusu pia.

Nianze na gunia. Aliyekulia nyumbani kwenye vitunguu, viazi au mahindi anaijua lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linashonewa kilemba juu yake, linavimba kama mtu aliyevaa makoti matatu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Ndugu zetu Wakenya wanalijua balaa hilohilo kwenye viazi. Sheria inakataza, lakini porini hakuna mzani, na pasipo na mzani mwenye gari ndiye anayeamua gunia ni kiasi gani. Mkulima anapunjwa mchana kweupe, na kwenye daftari kila kitu kinaonekana sawa: gunia moja, bei moja.

Sasa mimi nasema hivi: katika utafiti wa magonjwa yetu kuna lumbesa pia, na mwaka jana mimi mwenyewe nilikaribia kuishona.

Nasomea biokemia, PhD mwaka wa tatu, na ninachofuatilia ni protini inayoitwa HSP70 kwa wagonjwa wa kisukari. Herufi hizo zinasimamia protini za mshtuko wa joto. Historia yake ni tamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kule Naples, Italia, mtafiti Ferruccio Ritossa alikuwa anaangalia kromosomu za nzi wadogo wa matunda kwa darubini. Mtu akapandisha joto la kabati la kutunzia sampuli bila yeye kujua, na Ritossa akaona sehemu fulani za kromosomu zimevimba, yaani jeni zimeamka na kuanza kazi. Alichapisha mwaka 1962. Mwaka 1974 ndipo watafiti wengine wakaonyesha protini zenyewe zinazotengenezwa wakati huo.

Kazi yake si ngumu kueleza. Seli ikipata shida, iwe joto, sumu, njaa au ukosefu wa oksijeni, protini zilizomo ndani zinakunjika vibaya na kugandamana kama ugali ulioachwa bila kusongwa. HSP70 inazishika, inazikunjua na kuzikunja upya. Kwa hiyo seli ikiteseka, HSP70 huongezeka. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba kwenye misuli ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili ujumbe wa jeni (mRNA) wa kutengeneza protini hii ulikuwa pungufu, na kadiri ulivyopungua ndivyo mwili ulivyozidi kuikataa insulini. Tangu hapo watu wengi wamejaribu kuitafuta kwenye damu, maana kumtoa mtu damu ni rahisi kuliko kumkata kipande cha paja.

Na mimi nikaingia humo. Nilikwenda nyumbani miezi miwili, nikakusanya damu za wagonjwa 60 kwenye kliniki moja ya kisukari. Nikazileta kwenye barafu kavu, nikaziweka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, nikalinganisha na damu za wagonjwa 60 wa hapa. Matokeo yakatoka: damu za nyumbani zilikuwa na HSP70 karibu mara mbili ya za hapa. Jamani, nilifurahi! Msimamizi wangu naye akafurahi. Tukaanza kuandika muhtasari wa mkutano, na kichwa cha habari tulishakipata: seli za wagonjwa wa Kiafrika zimo kwenye mateso makubwa zaidi. Tukaanza hata kutafuta sababu, labda jeni, labda lishe, labda umaskini.

Aliyenizindua ni mama mmoja fundi wa maabara yetu, mtu mzima anayekaribia kustaafu, ambaye hana PhD wala hataki. Alikuwa anapanga vichupa vyangu akaviinua kwenye taa. Akauliza, "Hivi ndivyo vilivyo nyumbani kwenu?" Nikaangalia. Damu ikishazungushwa kwenye mashine, yale maji yanayobaki juu yanatakiwa yawe ya manjano kama mafuta ya alizeti. Vyangu vingi vilikuwa vya waridi. Vingine vilikuwa rangi ya juisi ya rozela kabisa.

Waridi maana yake chembe nyekundu zimepasuka. Na ndani ya chembe nyekundu mna HSP70. Kwa hiyo nilichokuwa nimekipima si mateso ya mgonjwa, ni mateso ya chupa.

Jioni ile nikampigia simu kaka yetu wa maabara kule kliniki, aliyenisaidia kazi yote kwa moyo mmoja.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Baridi inasemaje huko?"

"Tumeizoea. Kaka, zile damu, ukishamtoa mgonjwa, zilikuwa zinakaa muda gani kabla ya kuzungushwa?"

Akacheka. "Inategemea na siku. Siku wagonjwa wachache, nusu saa. Siku ya kliniki kubwa, mpaka foleni iishe. Na ile wiki umeme ulipokuwa unakatika, tulisubiri jenereta mpaka saa nane mchana."

"Na hukuandika popote?"

"Mdogo wangu, karatasi uliyoniachia ilikuwa na namba ya mgonjwa, umri na sukari. Pa kuandika saa hukuweka."

Nilinyamaza. Angenitukana ningejisikia nafuu. Alikuwa sahihi kabisa. Nilikuja na ndege, barafu kavu na vichupa vya bei mbaya, nikasahau kuweka kisanduku kimoja cha kuandika saa.

Halafu mengine yakaanza kufumuka. Damu za nyumbani zilichukuliwa kwenye chupa za kifuniko chekundu, ambamo damu inaganda kwanza, ukabaki na seramu. Za hapa zilichukuliwa kwenye kifuniko cha zambarau chenye dawa ya kuzuia kuganda, ukapata plazima. Damu ya mtu yuleyule, dakika ileile, ukiigawa kwenye chupa hizo mbili HSP70 haitoki sawa. Wagonjwa wa hapa walikuja kwa basi, wakakaa kwenye kiti dakika 20 wakisoma magazeti. Wa nyumbani wengine walitoka alfajiri, wakatembea juani mpaka kliniki. Na imejulikana tangu mwaka 2001 kwamba mtu akikimbia saa moja HSP70 kwenye damu yake hupanda, hata awe mzima wa afya. Mwenye homa naye seli zake zinaamsha protini hiyohiyo. Mimi sikuuliza nani alikuwa na homa wiki ile, wala nani alikuja kwa miguu.

Kuna na mtego mwingine, ambao haukuhusu kliniki yetu bali sisi watu wa maabara. HSP70 si protini moja, ni ukoo. Binadamu ana wanachama 13 wa ukoo huo. Mmoja, anayeitwa HSPA1A, ndiye anayeongezeka shida inapoingia. Mwingine, HSPA8, yupo kwenye seli siku zote, raha na shida, na amefanana na ndugu yake kwa zaidi ya asilimia 80. Kingamwili unayotumia kupimia isipowatofautisha, ni kama kumtafuta Hassan kwenye familia ya mapacha: utamkamata yeyote atakayefungua mlango. Kwa miaka mingi kila mtu aliandika anavyopenda, huyu HSP70, yule HSP72, mwingine HSC70, na msomaji hajui anaongelewa nani. Mwaka 2009 wataalamu walikubaliana majina rasmi, lakini makala za kabla ya hapo bado zinanukuliwa. Tena kila kampuni inayouza seti za vipimo ina kingamwili zake na protini yake ya kulinganishia, kwa hiyo nanogramu 5 za seti hii si lazima ziwe nanogramu 5 za seti ile. Hapo unaona? Gunia ni gunia, lakini la nani?

Msidhani ni sisi wanafunzi tu tunaoteleza. Karibu na mwaka 2000 zilitoka makala kwenye majarida makubwa zikisema HSP70 ikiwa nje ya seli inaamsha kinga ya mwili na kuzifanya seli za ulinzi zitoe kemikali za uvimbe. Ilikuwa habari kubwa, maana uvimbe wa chini kwa chini ndio unaolaumiwa kwenye kisukari na magonjwa ya moyo. Lakini protini nyingi za majaribio hayo zilitengenezwa ndani ya bakteria, na bakteria hao wana sumu yao kwenye ngozi, sumu ambayo hata kidogo sana inaamsha kinga kwa fujo. Mwaka 2003 watafiti wawili, Gao na Tsan, walitumia HSP70 iliyosafishwa sumu hiyo vizuri. Ule uwezo wa kuamsha kemikali ya uvimbe waliyokuwa wanaipima haukuonekana tena. Kumbe katika majaribio yao kilichokuwa kinapiga kelele ni uchafu, na protini ndiyo iliyobebeshwa lawama. Mjadala uliendelea miaka mingi baada ya hapo, na somo lake ni moja: kabla hujasema protini inafanya nini, sema uliisafishaje.

Sasa wengine mtasema, "Ndugu, hayo ni makosa ya kawaida ya kazi, mbona unatupigia ngoma?" Napiga ngoma kwa sababu ya kile kichwa cha habari. Ingekuwa nimekosea kwa panya, panya hasomi jarida. Lakini sisi tulikuwa tayari kuandika kwamba miili ya watu wetu ina walakini, kumbe chenye walakini kilikuwa foleni ya mashine na umeme wa gridi. Makala ile ingetoka, ingenukuliwa. Mwingine angejenga juu yake nadharia ya jeni za Kiafrika, mwingine angeombea fedha, na miaka kumi baadaye daktari kijana wa kwetu angefundishwa darasani kama ukweli. Lumbesa ndivyo inavyofanya kazi. Kwenye daftari kila kitu sawa, anayepunjwa ni yule ambaye hayupo mezani.

Na kwamba kipimo kinaweza kusanifishwa, ushahidi upo hapohapo kwenye kisukari. Wenye wazazi wagonjwa mnakijua kipimo cha HbA1c, kile cha sukari ya miezi mitatu. Zamani kila maabara ilikuwa na namba zake. Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, wenye wagonjwa 1,441, ulionyesha kwamba kuishusha namba hiyo kunaokoa macho, figo na mishipa ya fahamu. Basi ikawa lazima namba ya kijijini iwe sawa na namba ya utafiti ule, la sivyo haina maana. Mwaka 1996 Marekani ilianzisha mpango wa kuzilinganisha maabara, baadaye ikaja njia rejea ya kimataifa, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likakubali kipimo hicho kitumike kutambua kisukari, kuanzia asilimia 6.5. Ilikuwa kazi ya miaka na miaka ya watu wavumilivu kukubaliana chupa, mashine na namba. Hakuna aliyepewa Nobeli kwa hilo, lakini mama yangu anafaidi.

Ila hata hapo kuna shubiri kwenye asali. HbA1c inasoma sukari iliyonasa kwenye chembe nyekundu, na chembe nyekundu za watu wote si sawa. Mwaka 2017 utafiti kwa Wamarekani weusi ulionyesha kwamba wenye vinasaba vya selimundu kwa upande mmoja, ambao si wagonjwa, namba yao hutoka chini kwa kama pointi 0.3 ingawa sukari yao ni ileile ya wenzao. Pointi 0.3 ni ndogo, lakini inatosha kumwambia mtu yuko salama wakati hayuko. Na huko kwetu wenye hali hiyo si wachache. Utafiti wa watoto wachanga Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3. Maana yake nini? Maana yake kipimo cha pamoja tunakihitaji, lakini kinapoandikwa ni lazima damu yetu iwe imo kwenye hesabu, na sisi tuwemo chumbani. Tukingoja kiletwe tayari, kitatubana kama suti ya kuazima.

Wapo watakaosema usanifishaji ni anasa ya wenye fedha, sisi hata umeme hatuna. Hapo nakataa kabisa. Kuandika saa uliyotoa damu kunahitaji kalamu. Kuchagua rangi moja ya kifuniko kwa wagonjwa wote ni makubaliano tu. Kadi yenye rangi tano kutoka manjano mpaka nyekundu, ubandike ukutani umwambie mhudumu kichupa kikifika rangi ya tatu aandike, haizidi bei ya soda. Na nyumbani watu wameshaanza siku nyingi. Mwaka 2009 kule Kigali ulizinduliwa mpango wa kuziimarisha maabara za Afrika hatua kwa hatua mpaka zifikie viwango vya kimataifa, zikipewa nyota kuanzia sifuri mpaka tano. Makerere kuna hazina ya sampuli iliyojengwa chini ya mradi wa H3Africa, damu zinatunzwa kwa utaratibu ulioandikwa. Uwezo upo. Tunaokosa utaratibu mara nyingi ni sisi tunaoshuka na ndege miezi miwili, tuna haraka ya kurudi.

Kwa hiyo naomba nitoe mapendekezo, mkiyaona ya kipuuzi mniambie siku ya mkutano.

Kwanza, asitoke mtu kwenda nyumbani kuchukua sampuli kabla hajaandika utaratibu wake wote, kuanzia mgonjwa anapoketi mpaka kichupa kinapoingia friza: kifuniko gani, dakika ngapi mezani, mzunguko wa kasi gani, kimegandishwa na kuyeyushwa mara ngapi. Na utaratibu huohuo ndio utumike kwa wagonjwa wa huku. Kama kule damu zinasubiri saa mbili, basi na za huku zisubiri saa mbili.

Pili, uandikwe kwa Kiswahili, au kwa lugha ya yule atakayeshika sindano. Mimi karatasi yangu ilikuwa ya Kiingereza cha msimamizi wangu. Kaka yetu aliielewa, lakini hakuona pa kuniambia kwamba haitekelezeki. Angeiandika pamoja nami, angeniambia siku ya kwanza habari ya jenereta.

Tatu, aliyeshika sindano aandikwe kwenye makala kama mwandishi ikiwa kazi yake inastahili, na si kushukuriwa mwishoni kwa herufi ndogo. Mtu anayejua jina lake litasomwa ataandika na saa.

Nne, tuulize kabla ya kununua seti: kingamwili hii inamkamata nani kwenye ukoo? Imejaribiwa kwa njia nyingine? Na jibu liandikwe kwenye makala kwa jina rasmi la protini, si kwa jina la utani.

Tano, na hili ni la jumuiya nzima: tuweke faili moja la taratibu zetu, za damu, mkojo, makohozi, hata za dodoso kwa nyie wa uchumi. Maana na nyie mnaulizana "kipato cha kaya" bila kukubaliana kaya ni nani na kipato ni pamoja na mahindi ya ghalani au la. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtauliza yangu yaliishaje. Nilikwenda kwa msimamizi asubuhi yake na vichupa mkononi. Haikuwa asubuhi nzuri. Muhtasari tuliuondoa. Kati ya sampuli 60 za nyumbani, 37 zilikuwa za waridi, na hizo nimezitenga. Zilizobaki siwezi kuzilinganisha na za huku kwa sababu ya vile vifuniko. Nimeongezewa miezi sita bila fedha, kwa hiyo mkiniona usiku napanga bidhaa kwenye rafu za duka msinicheke. Lakini nimeanza upya, na safari hii utaratibu tumeuandika watu wanne kwa simu, mmojawapo kaka yetu wa kliniki. Mstari wa kwanza ni wake. Unasema: andika saa.

Kinachoniuma zaidi si ile miezi sita. Kuna mama mmoja, mgonjwa namba 14, aliyekuja bila kula tangu usiku kama nilivyomwomba. Alipomaliza kutolewa damu akaniuliza, "Mwanangu, hii itatusaidia?" Nikamjibu itasaidia. Kichupa chake kilikuwa cha rangi ya rozela.

Damu ile nilikopeshwa, na deni bado sijalilipa. Nawasilisha.